Manowari ya Sultani na Spea za Gerezani

Jumamosi iliyopita nilikwenda Gerezani, pale Kariakoo, kutafuta pampu ya maji ya gari langu bovu. Anayeijua Kariakoo anajua kwamba safari ya spea si ya saa moja. Duka hili wanakwambia nenda duka lile, na duka lile wanakwambia subiri kidogo, kijana amekwenda stoo. Kijana naye akienda stoo ndiyo kaenda. Nikaona heri nikae kwenye kijiwe cha kahawa nimngojee, na hapo ndipo nilipoyakuta mabishano yaliyonipa mazungumzo ya wiki hii.

Kijana mmoja alikuwa na gazeti mkononi, anawasomea wenzake habari za nchi zinazojenga upya majeshi yao ya majini: meli mpya, nyambizi, marubani wanaopelekwa masomoni ng'ambo. Akalikunja gazeti akauliza kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili, "Hivi sisi tuna pwani ya zaidi ya kilomita elfu moja na mia nne, kwa nini hatuna nyambizi hata moja? Misri wanazo, Algeria wanazo, Afrika Kusini wanazo tatu!" Mzee mmoja aliyekuwa akinywa kahawa yake taratibu akamjibu bila kuinua uso, "Mwanangu, hata Sultani alikuwa na manowari." Watu wakacheka. Kijana akasema, "Babu, sasa hayo ya Sultani yanaingiaje hapa?" Mzee akaomba kikombe kingine, hakujibu tena.

Mimi sikucheka. Mzee alikuwa na lake, na kwa kuwa hakutaka kulieleza, naomba nilieleze mimi kwa niaba yake.

Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja. Kilifyeka mikarafuu ya kisiwa kile kiasi kwamba enzi ya karafuu ikahamia Pemba, ambako upepo haukufika kwa nguvu ile. Bandarini nako vyombo vilivunjikavunjika, na miongoni mwake zilikuwamo meli za Sultani Barghash bin Said. Barghash alikuwa amekalia kiti mwaka mmoja na nusu tu, baada ya kufa kaka yake Majid, yule aliyeanzisha mji huu wetu wa Dar es Salaam. Kwa siku moja akabaki mtawala wa mwambao mrefu asiye na meli.

Basi Barghash akaamua kujenga upya. Mwaka 1875 alikwenda Uingereza, akaonyeshwa viwanda na manowari, na miaka mitatu baadaye akaletewa meli kutoka kiwanda cha Denny, mji wa Dumbarton, Scotland. Iliundwa kwa kufuata umbo la manowari ya Kiingereza iliyoitwa Glasgow, ambayo Sultani aliiona na kuipenda, na yake nayo ikaitwa jina hilohilo. Mifupa ya meli ilikuwa ya chuma, ngozi yake mbao za msaji. Ilikuwa na mizinga saba ya kushindiliwa kwa mdomoni na bombomu moja la Gatling. Kwa macho ya mtu aliyesimama Forodhani, hiyo ilikuwa jeshi kamili. Ilitia nanga mbele ya jumba la Sultani, na pale ikakaa. Ilikaa sana.

Sasa hebu tutazame ilipotakiwa kufanya kazi. Mwaka 1885 Carl Peters na wenzake walikuwa wamezunguka bara wakiwatia saini machifu kwenye karatasi wasizozielewa. Barghash akapinga. Agosti mwaka huo kikosi cha manowari za Kijerumani, kikiongozwa na Komodoo Paschen, kikaingia bandari ya Unguja na kuelekeza mizinga kwenye jumba. Glasgow ilikuwapo palepale. Haikufanya kitu, na kwa kweli isingeweza kufanya kitu. Meli moja yenye mizinga ya mtindo uliokwisha kupitwa ingefanya nini mbele ya kikosi kizima? Barghash akasalimu amri. Alikufa Machi 1888, na mwezi uliofuata mdogo wake Khalifa akaikodisha kampuni ya Kijerumani mwambao huu, Dar es Salaam ikiwamo. Miaka mitatu baadaye mji wetu ukawa makao makuu ya koloni. Kwa hiyo mtu akiniuliza kwa nini mjini kati, kuanzia Ikulu mpaka Azania Front, kuna majengo ya Kijerumani, nitamwambia aanze kuhesabu kutoka kwenye ile meli iliyokuwa imetia nanga mbele ya jumba.

Mwisho wa Glasgow wengi wanaujua. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25 Agosti 1896, na Khalid bin Barghash akaingia jumbani bila idhini ya Waingereza. Wakampa hadi saa tatu asubuhi ya tarehe 27 awe ametoka. Hakutoka. Dakika mbili baada ya saa tatu mizinga ya manowari za Admirali Rawson ikafunguliwa. Safari hii, kwa heshima ya mabaharia wake lazima niseme, Glasgow ilijibu. Iliipiga risasi meli kubwa ya Waingereza, St George, nayo ikapigwa ikazama palepale ilipokuwa imetia nanga. Vita vilikwisha kabla ya saa nne. Upande wa Khalid watu wapatao mia tano waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Milingoti ya Glasgow iliendelea kuchomoza majini miaka kumi na sita, watoto wa Unguja wakikua wakiiona, hadi mwaka 1912 ilipokatwakatwa na kuondolewa.

Khalid mwenyewe alikimbilia kwa balozi wa Ujerumani, kisha akaletwa hapa Dar es Salaam kwa meli. Akaishi mji huu karibu miaka ishirini. Sijui kama alikuwa akienda ufukweni jioni kutazama upande wa Unguja. Mimi ningekwenda.

Nataka sasa nihamie kwenye manowari ya pili, kwa sababu hii inatuhusu watu wa Kariakoo hasa. Juni 1914 Wajerumani walileta Dar es Salaam meli yao Königsberg, chini ya Kapteni Looff. Watu walijaa pwani kuitazama. Ilikuwa ya kisasa kwa kila hali: mizinga kumi ya sentimita kumi na nusu, mwendo ambao meli za Waingereza za hapa jirani zilikuwa haziufikii. Vita vilipokaribia ikatoka bandarini, na tarehe 20 Septemba 1914, alfajiri, ikaikuta manowari ya Kiingereza Pegasus bandarini Unguja. Na Pegasus ilikuwa inafanya nini pale? Ilikuwa inatengenezwa mitambo! Ilipigwa ikiwa haiwezi kujisogeza, ikazama.

Lakini huyo mshindi naye, msikilizaji, hakufika mbali. Mtambo wake mmoja ulivunjika, ikabidi ajifiche katika vijito vya mto Rufiji, katikati ya mikoko. Sasa fanya hesabu. Meli ya kisasa kuliko zote katika bahari yetu imekwama kwenye tope, na karakana yenye uwezo wa kutengeneza chuma kile iko Dar es Salaam. Baharini haipitiki, Waingereza wamejaa. Basi ile mitambo mizito ilifunguliwa, ikasafirishwa nchi kavu hadi karakana ya hapa, ikatengenezwa, ikarudishwa tena Rufiji, kwa mabega na mikono ya watu. Majina ya waliobeba hayakuandikwa popote. Ya Kapteni yameandikwa.

Meli ilipopona, mlango ulikuwa umekwisha kufungwa. Waingereza waliigundua mwisho wa Oktoba 1914, nayo ikabaki humo zaidi ya miezi minane. Na hapa linaingia neno ambalo kijana wetu wa gazeti alilitaja, yaani rubani. Sisi watu wa pwani zamani rubani tulimjua kuwa ni mtu wa bahari, yule anayekijua kila kipwa na kila mkondo, anayekiongoza chombo kuingia bandarini. Vita vile ndivyo vilivyoleta katika anga yetu rubani wa aina nyingine. Waingereza walimkodi raia mmoja, Cutler, kutoka Durban, na ndege yake ya kutua majini, ambayo haikuwa nzima hata siku moja. Ndiye aliyeiona Königsberg kutoka juu. Baadaye wakaiteka Mafia, wakatengeneza uwanja wa ndege, wakaleta meli mbili fupi za mitoni, Severn na Mersey, zilizokuwa zimeundwa kwa ajili ya Brazil. Jaribio la tarehe 6 Julai 1915 lilishindwa. Tarehe 11 Julai rubani na mwenzake walikaa juu wakiwaelekeza wapiga mizinga wapi risasi zinaanguka, hata ndege yao ilipopigwa na kuanza kushuka waliendelea kutuma maelekezo. Siku hiyo Königsberg ikaisha, mabaharia wake wenyewe wakaimalizia.

Mizinga yake kumi ikazamuliwa, ikaletwa Dar es Salaam, ikafungwa magurudumu na kuburutwa bara kwenye vita vya Lettow-Vorbeck. Mmoja uko Mombasa, mbele ya Fort Jesus, jirani na mzinga wa Pegasus. Maadui wawili wamekaa pamoja wanapigwa picha na watalii.

Na Waingereza walipouteka mji huu, Septemba 1916, nao walihitaji wabebaji. Wakaweka kambi ya kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps, kwenye uwanja ambao Wajerumani walikuwa wamejenga soko. Wenyeji wakalisema jina lile kwa ulimi wao: Kariakoo. Kwa hiyo nilipokuwa nimekaa pale na kikombe cha kahawa nikingojea pampu, nilikuwa nimekaa juu ya ardhi iliyopewa jina na watu waliobeba vipuri, risasi na unga wa vita ambavyo havikuwa vyao. Makumi ya maelfu hawakurudi makwao. Wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na njaa, homa na kuhara.

Niruke sasa hadi wakati wetu, wakati ambao mimi mwenyewe naukumbuka. Januari 1964 nilikuwa mtoto mdogo, tunakaa Mtaa wa Swahili. Askari wa kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, walikuwa wameasi tarehe 20. Maduka ya Kariakoo yalivunjwa, baba akatufungia ndani. Alfajiri ya tarehe 25 tukasikia mizinga kutoka baharini. Mama akatuingiza uvunguni. Ilikuwa ni manowari ya Kiingereza ikipiga kelele za kutisha tu, huku meli nyingine, Centaur, ikirusha helikopta zilizobeba makomando hadi Colito. Maasi yakaisha asubuhi hiyohiyo.

Watu wengi walishukuru, na sisi watoto tulitoka kutazama helikopta. Lakini kwa serikali ya nchi iliyopata uhuru miaka miwili tu nyuma, kuwaita wakoloni wa jana waje kukutulizia askari wako ilikuwa fedheha, na Mwalimu Nyerere hakuificha. Lile jeshi lilivunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 ikaanzishwa JWTZ. Swali likawa nani atatufundisha. Ujerumani Magharibi ilianza kusaidia mafunzo ya marubani wa ndege; mapema mwaka 1965, kwa ugomvi wa ubalozi mdogo wa Ujerumani Mashariki, ikawaondoa wakufunzi wake kwa ghafla, na Mwalimu akawaambia wachukue na misaada yao mingine yote. Wakaja Wakanada kwa upande wa anga. Kisha Wachina.

Wapo wanaodhani kituo cha wanamaji cha Kigamboni kilijengwa kwa fahari tu. Si kweli. Mji huu ulikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU, na FRELIMO walikuwa na ofisi zao hapa. Tarehe 22 Novemba 1970 Wareno walivamia Conakry, mji mkuu wa Guinea, kwa meli, usiku, kwa sababu ilikuwa inawahifadhi wapigania uhuru wa PAIGC. Kila mwenye akili Dar es Salaam alijua kwamba tuna kosa hilohilo, na bahari ileile mlangoni. Kwa hiyo Wachina walipotujengea kituo, wakatuletea boti za doria za aina ya Shanghai, na baadaye boti za torpedo, na vijana wetu wakaenda China kujifunza ubaharia na urubani, hiyo ilikuwa hesabu ya busara. Boti ndogo, nyingi, za kulinda maji ya karibu, na watu wa kuziendesha waliofundishwa pamoja nazo. Nasema hivi nikijua kwamba chombo cha chuma kikikaa kwenye maji ya chumvi bila spea ni chuma chakavu, na nchi iliyotegemea spea za rafiki mmoja ilikuwa na kazi ya kuomba kila mwaka.

Hapo ndipo lilipo jibu langu kwa kijana wa gazeti. Sipingi jeshi la majini, hata kidogo. Tuna gesi ya Songo Songo inayoendesha umeme wa mji huu tangu mwaka 2004, tuna nyaya za mawasiliano zilizolala chini ya bahari, tumewaona maharamia wa Kisomali wakisogea hadi maji yetu. Oktoba 2020 wauaji walivuka Ruvuma wakaingia Kitaya, Mtwara. Na bahari imetuua wenyewe bila adui yeyote: Septemba 2011 Spice Islander, Julai 2012 Skagit. Usiku ule wa Spice Islander hakuna aliyehitaji nyambizi. Walihitaji boti ya mwendo kasi yenye mafuta, taa na watu walioamka.

Nyambizi nayo tuitazame ilivyo. Afrika Kusini ilizipokea tatu kutoka Ujerumani kati ya 2005 na 2008, na hiyo ni nchi yenye viwanda na gudi zake. Hata hivyo, kwa miaka mingi imepata taabu kupata fedha za kuzifanyia matengenezo makubwa. Septemba 2023 mabaharia wake watatu walikufa baada ya kuzolewa na wimbi kutoka mgongoni mwa nyambizi, wakati wa zoezi la kupokea vifaa kutoka kwenye helikopta. Kazi ile haina huruma hata kwa walioizoea.

Na majirani zetu wa Msumbiji ndio waniumizao zaidi. Mwaka 2013 na 2014, kwa jina la kulinda pwani na kuvua jodari, kampuni tatu za serikali yao zilikopa zaidi ya dola bilioni mbili, nyingi bila Bunge kuambiwa. Boti zililetwa kweli. Nyingi zikaishia kufungwa gatini zikipata kutu. Mwaka 2016 siri ilipofichuka wafadhili wakasimamisha misaada, sarafu ikaanguka, bei za vyakula zikapanda. Agosti 2020 waasi wakauteka mji wa bandari wa Mocímboa da Praia, mwambao uleule ambao boti zile zilinunuliwa kuulinda. Aliyekuwa Waziri wa Fedha akahukumiwa Marekani. Mkopo unalipwa na mama anayeuza nyanya Maputo.

Sasa kijana akisema tununue, mimi nitamuuliza kama angeuliza dalali wa Gerezani: spea ziko wapi? Gudi ya kuipandisha iko wapi? Fundi wake amesoma wapi, na akistaafu nani anashika spana? Nani amesoma mkataba? Hapo Sokoine Drive pana Chuo cha Bahari, DMI, wanafundisha uhandisi wa meli. Kila ninapopita pale najiuliza ni vijana wangapi wa Kariakoo, ambao wanaweza kuifungua injini ya Fuso na kuifunga wamefumba macho, wamewahi kuambiwa kwamba injini ya meli nayo ni injini.

Haya nilimwambia yule kijana kwa kifupi. Alinisikiliza kwa adabu, halafu akasema, "Shikamoo mzee wangu, lakini ukingoja mpaka mafundi wawepo, meli hutainunua kamwe. Mafundi wa Gerezani walijifunza kwa sababu magari yalikuja kwanza." Sikuwa na jibu la haraka. Yule mzee wa kahawa ndiye aliyecheka safari hii. Bado nalifikiria neno lile, na ninakiri lina uzito. Ingawa gari likikufia Msimbazi unateremka ukasukuma, na baharini huna pa kuteremkia.

Pampu ililetwa saa nane mchana. Ilikuwa ya gari jingine.

Muda wangu umekwisha. Wiki ijayo, Mungu akipenda, nitaeleza habari za meli ya Kijerumani iliyozamishwa Kigoma mwaka 1916 na mafundi walioipaka mitambo yake grisi kabla ya kuizamisha, ikaibuliwa mwaka 1924, na wengi wenu mmeipanda mkiiita Liemba.